Nyumba kongwe ya udongo kule Devon: kufuata dalili hadi kwenye chanzo

Ukizunguka vijiji vya Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, utakutana na nyumba za kuta nene zilizopakwa nyeupe, madirisha madogo, na paa la nyasi linaloshuka chini hadi karibu na vizingiti vya juu vya madirisha. Nyingi ni za kobu: udongo wenye mfinyanzi uliochanganywa na mabua na maji, ukakanyagwa na watu au ng'ombe, kisha ukapandishwa tabaka kwa tabaka juu ya kitako cha mawe. Unene wa ukuta ni sentimita 60, mahali pengine hadi 90. Hayes Barton, nyumba aliyozaliwa Walter Raleigh, baharia mashuhuri wa Kiingereza, katika karne ya 16 karibu na kijiji cha East Budleigh, ni ya kobu na nyasi, na bado imesimama.

Maelezo haya ni ya mtu aliyepanga, aliyenunua au aliyepewa kazi kwenye nyumba ya aina hii na sasa anaona kuna jambo haliko sawa. Nimeyapanga kwa dalili kwa kuwa ndizo zinazoonekana kwanza. Ila kabla hujaishughulikia dalili yoyote, uliza: nani aliigusa nyumba hii mara ya mwisho, na alitumia nini? Ukuta uliokaa miaka 300 bila shida hauanzi kulowa kwa sababu ya uzee tu. Katika kazi yangu ya ukarabati, mara nyingi chanzo ni matengenezo yaliyofanywa baada ya Vita Kuu ya Pili, saruji na rangi za plastiki zilipozagaa na mafundi wa chokaa wakapungua.

Kobu haina kizuizi cha unyevu chini yake. Vizuizi hivyo vilienea Uingereza kuelekea mwisho wa karne ya 19, na nyumba nyingi za aina hii zilikuwa zimeshajengwa zamani. Ukuta unaishi na maji kama mtungi wa udongo unavyoishi nayo: unanyonya kidogo, unatoa jasho, upepo unalichukua. Upake mtungi rangi ya mafuta nje na ndani, na kazi yake imekwisha.

Chini ya ukuta kumelowa, rangi inabambuka

Dalili hii utaiona kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Rangi inatoa malengelenge, plasta inamomonyoka ukiigusa, chumvi nyeupe inajitokeza, na chumba kinanuka udongo mbichi.

Mara nyingi atakuja mtu wa kuuza dawa ya unyevu akiwa na kifaa chenye sindano mbili. Atachoma ukutani, kifaa kitalia, na ataandika kwamba maji yanapanda kutoka ardhini, hivyo ukuta utobolewe matundu na kudungwa kemikali. Mwache kwanza. Kifaa kile kilitengenezwa kupimia mbao. Kinapima jinsi umeme unavyopita, na ukuta mkongwe wenye chumvi hupitisha umeme hata ukiwa umekauka vya kutosha. Na kemikali ikidungwa kwenye udongo au kwenye kitako cha mawe yasiyo na umbo moja, haifanyi mstari kamili wa kuzuia chochote. Utakuwa umelipa ili utobolewe ukuta.

Badala yake toka nje siku ya mvua kubwa, na koti lako na tochi, uangalie maji yanakwenda wapi.

Tazama kimo cha ardhi kwanza. Kwa karne nyingi udongo wa bustani, kokoto na lami vimekuwa vikirundikana kando ya ukuta, hadi ardhi ya nje imekuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Maji hayana haja ya kupanda. Yanaingia kwa ubavu. Tiba ni kuishusha ardhi hadi iwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu. Fanya kipande kwa kipande, na usichimbe kupita kitako cha ukuta, kwa maana nyumba hizi hazina msingi mrefu. Nyingine mawe yake yamelazwa karibu juu ya ardhi tu. Nimeona mtaro wa kuondoa maji uliochimbwa ukiambaa na ukuta ambao ulileta ufa kuliko ukavu. Mtaro ukihitajika, uwe mbali kidogo.

Pili, tazama palipo chini ya upenu. Paa la nyasi halina gata. Maji yanadondoka moja kwa moja kutoka ukingoni, na chini pakiwa na njia ya zege au vigae, kila tone linaruka na kupiga ukuta. Ondoa zege lile, weka changarawe, na ardhi iinamie mbali na nyumba. Ni kazi ya bei ndogo inayoleta nafuu kubwa, na nashangaa jinsi inavyosahaulika.

Tatu, bomba. Bomba la maji lililooza chini ya jiko, au mfereji wa maji machafu uliopasuka, huweza kulowesha kona moja kwa miaka. Unyevu ulio mahali pamoja tu, ambao haubadiliki kati ya kiangazi na baridi, mara nyingi ni bomba.

Nne, sakafu. Zamani ilikuwa udongo ulioshindiliwa au mawe ya bapa, na mvuke ulitoka taratibu sehemu yote. Watu walipomwaga zege juu ya karatasi ya plastiki, unyevu ule ulikosa njia ukasogea kandokando, na kandokando ndipo kuta zilipo. Kuing'oa sakafu na kuweka ya chokaa ni kazi kubwa ya gharama, kwa hiyo usianze nayo. Shusha ardhi, rekebisha maji ya paa, ondoa saruji na rangi ya plastiki ukutani, kisha ngoja majira mawili ya kiangazi yapite uone kama bado unaihitaji.

Plasta ya nje inalia wazi, au ukuta umetoa tumbo

Gonga plasta ya nje kwa kifundo cha kidole, ukianzia juu na kushuka. Chokaa iliyoshika ukuta hutoa sauti fupi na nzito. Saruji iliyoachana na ukuta hulia wazi, na nyuma yake kuna nafasi ambamo maji yanateremka bila mtu kuyaona. Kama huna hakika ni kipi, kwaruza kwa ufunguo mahali pasipoonekana: chokaa hutoa unga mweupe kwa urahisi, saruji ya kijivu hukataa.

Saruji ya Portland ilipewa hataza mwaka 1824, kwa jina la Joseph Aspdin wa Leeds, na ni kitu kizuri mahali pake. Tatizo lake hapa ni ugumu. Ukuta wa kobu hujongea kidogo kwa majira. Saruji haiwezi kujongea nao, inapasuka nyufa nyembamba za unywele. Mvua inaingia kwa kila ufa. Kutoka ndiko kusikowezekana, basi maji yanashuka ndani ya ukuta na kujikusanya karibu na kitako. Kobu ina nguvu ikiwa kavu. Ikijaa maji, mfinyanzi unalainika na uzito wote wa ukuta na paa unakalia udongo usioweza kubeba. Kuta za namna hii zimewahi kuanguka ghafla huku kwa nje zikionekana safi na zimepakwa rangi vizuri.

Katika nyumba moja karibu na mji wa Crediton, hukohuko Devon, tulifungua kipande cha saruji chenye upana wa mkono nyuma ya jiko. Kimo cha goti kutoka chini, udongo ulikubali kidole changu hadi kifundo cha pili. Pembeni yake kulikuwa na njia ya panya yenye upana wa ngumi, imepita katikati ya ukuta, maana panya hupenda kobu iliyolainika. Juu kidogo, kimo cha kifua, udongo uleule ulikuwa mgumu kiasi kwamba patasi iliteleza. Ukuta haukuwa na kosa. Maji yalikuwa yamefungiwa chini.

Hapa naomba usikimbilie patasi. Ukuta ukiwa umetoa tumbo, au plasta imevimba sehemu ya chini, huenda saruji hiyohiyo ndiyo inayouzuia udongo usimwagike. Wanaolala chumba kile wahame, boriti za dari za upande ule zitegemezwe, na aitwe mhandisi wa miundo aliyezoea majengo ya udongo. Baada ya hapo saruji huondolewa kwa vipande vidogo, huku ukuta ukiachwa upumue kwa miezi. Ukuta wenye unene wa sentimita 60 haukauki kwa wiki, na kuupulizia joto kali kutaupasua.

Palipoliwa hujazwa kwa matofali ya kobu yaliyokaushwa kabla, yakipangwa kwa udongo wenyewe, si kwa zege na si kwa tofali za saruji. Kobu mbichi ikijazwa kwenye shimo kubwa hunywea inapokauka na kuacha pengo juu. Mashimo ya panya hufuatwa hadi mwisho wake na kushindiliwa udongo. Kisha plasta ya chokaa na mchanga, kwa tabaka nyembamba, na mwisho chokaa ya kupaka, iliyochujwa nyepesi kama maziwa, ikipakwa mara 4 au 5.

Mafundi wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar watautambua ugonjwa huu mara moja. Kule kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, boriti ni za mikoko, na viraka vya saruji vinafungia chumvi na maji ndani ya ukuta vilevile. Fundi aliyekulia kwenye chokaa ya pwani anaweza kushika mwiko Devon bila ugeni mkubwa. Kitu kimoja atakachopaswa kujifunza ni baridi. Chokaa hushika polepole kwa kuvuta hewa ya kaboni, na maji yakiganda ndani yake kabla haijashika, plasta yote itabomoka masika yakifika. Kazi ya nje ifanywe kati ya Aprili na Septemba, isifanywe joto likishuka chini ya nyuzi 5, na plasta mpya ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa ili jua na upepo visiikaushe haraka.

Kabla hujabandua chochote: sheria

Nyumba nyingi za aina hii zimo kwenye orodha ya taifa ya majengo yanayolindwa, ambayo hutunzwa na Historic England, taasisi ya umma ya majengo ya kihistoria, na inaweza kutafutwa kwa anwani. Kuna daraja la I, la II lenye nyota, na la II; zaidi ya 9 kati ya 10 ziko daraja la II. Watu hudhani daraja la II hulinda sura ya mbele tu. Si hivyo: ulinzi unafika ndani, hadi ngazi, milango na plasta. Chini ya sheria ya mwaka 1990, kubadilisha jengo hilo bila kibali ni kosa la jinai, si suala la faini ya halmashauri pekee, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 2. Kuomba kibali hakuna ada. Zungumza na afisa wa majengo ya kihistoria wa halmashauri mapema, umweleze unachotaka kuondoa na utakachoweka. Kwa ushauri wa kiufundi kuna SPAB, chama kilichoanzishwa mwaka 1877 na msanii na mwandishi William Morris na wenzake kwa ajili ya kuzuia ukarabati unaoharibu majengo ya kale.

Popo nao wanalindwa. Ukikuta kinyesi kikavu kinachovunjika kuwa unga wenye mng'ao wa mabawa ya wadudu darini, simamisha kazi ya paa hadi upate ushauri.

Nyufa

Ufa peke yake hauna habari nyingi. Chungulia ndani yake. Ukiwa na rangi kuukuu, vumbi na utando wa buibui, umekuwepo siku nyingi na pengine umetulia. Kingo zikiwa safi na kali, umefunguka karibuni. Weka alama mbili za penseli kila upande, pima umbali, andika tarehe ukutani, na urudie kila mwezi kwa mwaka mzima. Ufa unaofunguka wakati wa kiangazi na kujifunga wakati wa mvua unakuambia habari za ardhi ya mfinyanzi, hasa kama kuna mti mkubwa karibu unaoinyonya.

Ufa ulio mpana juu na mwembamba chini, kwenye kona ya nyumba, nautilia maanani zaidi. Panda darini na utafute boriti inayofunga kuta mbili zinazotazamana. Katika nyumba nyingi kuna mtu aliyeikata ili apate mlango wa kupita ghorofani bila kuinama. Kombamoyo zikikosa kitu cha kuzifunga, zinatanuka na kusukuma vichwa vya kuta nje, na uzito wa nyasi unazidi kusukuma. Kujaza ufa kwa simiti hakutasaidia hapo. Rudisha kifungo cha paa kwanza, kisha ushone ufa kwa vipande vya kobu vinavyokatiza upande huu na huu.

Paa linavuja, au linazama sehemu moja

Watu wa Devon wana msemo kwamba kobu inahitaji kofia nzuri na viatu vizuri. Viatu ni kile kitako cha mawe. Kofia ni nyasi, na kwa Devon nyasi hizo kwa desturi ni mabua ya ngano yaliyochanwa yakanyooka, si matete ya majini. Paa huinama nyuzi 45 hadi 50 au zaidi. Mwinamo ndio siri yake: maji yanaruka kutoka ncha ya bua hadi ncha nyingine, na ni sentimita chache za juu tu zinazolowa.

Simama chini na darubini uangalie. Ukiona vile vijiti vya mti wa mheizeli vinavyobana nyasi vimejitokeza juu, tabaka la nje limekwisha. Mifereji ya wima iliyochimbika maana yake maji yamepata njia moja na yanaila. Kuvu na majani mabichi upande wa kaskazini, au chini ya tawi la mti, huonyesha kwamba paa halipati upepo wa kulikausha. Kata tawi kabla ya kulaumu nyasi. Uvujaji karibu na dohani mara nyingi si wa nyasi, ni wa maungio ya saruji au ya madini ya risasi yaliyopasuka. Mgongo wa paa huchakaa mapema na hubadilishwa kila miaka 10 hadi 15, ilhali miteremko ya mabua ya ngano iliyoezekwa vizuri huweza kufika miaka 25 au zaidi.

Kuna mwezekaji atakayekwambia aondoe nyasi zote aanze upya. Mwombe kwanza aingie nawe darini na tochi. Devon ina mapaa ambayo tabaka la chini kabisa halijaguswa tangu zama za kati, na nyasi zake ni nyeusi tii kwa masizi. Wakati huo nyumba hazikuwa na dohani. Moto uliwaka katikati ya ukumbi na moshi ukapenya paani. Katika nyasi hizo zimo aina za ngano na shayiri za zamani, na magugu ya mashamba yale, masuke yakiwa bado yanatambulikana. Desturi ya kuezeka tabaka jipya juu ya lililo zima ndiyo iliyozihifadhi. Ng'oa kilichooza peke yake. Kilicho kikavu na kimeshika, hata kikiwa cheusi, kiache mahali pake. Nisingemruhusu mtu akitupe hata kama sheria ingekuwa kimya.

Moshi unarudi ndani, au cheche zinaonekana juu ya paa

Hili halisubiri. Moto wa paa la nyasi unatembea ndani ya tabaka na kuuzima ni kazi ngumu mno. Ukiona cheche zikitoka dohani, hasa jiko la kuni linapowashwa kwa karatasi, usiwashe tena hadi dohani likaguliwe. Tafuta matofali yaliyolegea darini, masizi yaliyopenya kwenye plasta ya dohani, na urefu wa dohani juu ya mgongo wa paa. Kila tabaka jipya la nyasi limelifupisha, na ushauri wa kawaida ni mita 1.8. Zibua dohani mara mbili kwa mwaka angalau, na choma kuni zilizokauka.

Vumbi jepesi chini ya boriti, matundu madogo

Boriti za mwaloni zilizobunguliwa zimewafanya wengi walipie dawa wasiyohitaji. Matundu ya milimita 3 ni ya mdudu mkubwa anayegonga ndani ya mti wakati wa majira ya kuchipua. Ya milimita 1 na nusu hadi 2 ni ya bungua wa kawaida. Yanaweza kuwa yamekaa hapo miaka 200 bila mdudu. Ziba machache kwa karatasi nyembamba na gundi, uangalie kama yatatobolewa tena masika yajayo. Vumbi jeupe linalodondoka upya ndiyo dalili ya uhai. Mdudu mkubwa hupenda mwaloni uliolowa, hivyo choma ncha za boriti kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani. Ikizama, tafuta maji. Boriti ikikauka, mdudu naye hupungua hadi kwisha, na dawa ya kupulizia nyumba nzima haikufikii huko ndani.

Ukungu mweusi kwenye kona na nyuma ya kabati

Wapangaji hulaumiwa kwa hili, na wenye nyumba hulaumu kuta. Ukuta mnene una ubaridi. Hewa yenye mvuke wa kupikia, wa kuoga na wa nguo zinazoanikwa kwenye rejeta inakutana nao na kugeuka maji. Dohani la zamani lilikuwa linaivuta hewa hiyo juu. Likizibwa kabisa, na madirisha yakawekwa mpira, mvuke hauna pa kwenda. Weka tundu la hewa kwenye ukuta uliozibia dohani, funga feni jikoni na bafuni inayotoa hewa nje, sogeza kabati sentimita 5 au zaidi kutoka ukutani, na pasha nyumba joto la wastani muda mrefu kuliko moto mkali wa saa moja jioni. Ondoa ukungu, kisha chunguza rangi ya chini yake: ikibambuka kama ngozi ya plastiki, ibandue yote kwenye ukuta ule, na upake chokaa.